Wasiojua Wanyooshe wa Kushoto

Mjukuu wangu alikuwa anasugua sufuria nyuma ya nyumba, povu limemfika kwenye kiwiko. Anasugua, anaacha, ananyoosha mkono wa kushoto juu, anauteremsha, anasugua tena. Mie nilikuwa nimekaa palepale nabangua korosho. Nikadhani anafukuza nzi.

"Wewe, mkono huo unamwita nani?"

"Nafanya mazoezi, Bibi. Alhamisi wanakuja wageni wa wilayani kutazama somo la Kiswahili. Mwalimu atauliza maswali ya haraka. Wanaojua wanyooshe wa kulia, wasiojua wanyooshe wa kushoto. Halafu yeye anachagua wa kulia tu."

Nikaweka kigongo cha kubangulia chini.

"Na wewe umeambiwa upande gani?"

"Kushoto."

"Kwa swali lipi?"

"Kwa maswali yote. Sisi wa nyuma wote ni kushoto."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayekutajia mtaa anaokaa. Sikio langu la kushoto, ambalo halijasikia kitu tangu nilipokuwa na umri kama wake, likaanza kuvuma. Shule anayosoma ni ileile niliyosoma mimi, hapa kijijini kwetu, njia ya kwenda Msimbati. Wamebadilisha bati na wamepaka rangi mpya. Bomba la gesi limepita karibu na uwanja wa mpira. Kumbe ndani ya darasa hawajagusa kitu.

Nitaeleza yaliyonipata, na waliohusika nitawataja. Majina siyaandiki, maana wengine wamekufa na wameacha watoto ambao hawana kosa. Ila vyeo vyao sioni sababu ya kuvifichia aibu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitoka bara. Alikuwa mtu wa kanisa, msafi, shati lake halikunjiki hata saa saba mchana. Sina neno na kanisa lake. Walimu wa kwetu waliomfuata, wenye kanzu na kofia, hawakufanya bora kuliko yeye. Kila kipindi alikianza na maswali ya haraka. Alisema ni ya kurudia tuliyosoma jana na kuuamsha ubongo. Anaingia, salamu yenyewe haijakwisha, fimbo inaelekezwa kwako. "Wingi wa ufunguo." Kwa mwingine, "Kinyume cha tajiri." Kwa mwingine, "Malizia methali: Haba na haba." Ukijibu unakaa. Usipojibu unabaki umesimama, na akimaliza safu zote anarudi kwa mliosimama. Safari hiyo hana swali tena, ana fimbo tu.

Jibu halisemi. Hapo ndipo ninapomkamata mpaka leo. Nimesimama, nimechapwa, nimekaa, na wingi wa ufunguo bado siujui. Kesho yake ananiuliza tena uleule. Sasa hayo yalikuwa marudio ya nini? Mtu hawezi kurudia asichopewa.

Nyumbani tulisema Kimakonde. Kiswahili kilikuwa cha madrasa na cha dukani. Swali likija nililielewa, lakini jibu lilinijia kwa lugha ya mama, na ilikuwa lazima niende kulibadilisha. Nilikuwa kama mtu anayetumwa kisimani, na aliyemtuma amekaa kando ya mtungi anamhesabia muda. Nikirudi na maji yangu, mwalimu yuko safu ya tatu.

Basi siku moja tukaambiwa mkaguzi anakuja. Mwalimu akatufundisha mchezo huu wa mikono. Anayejua, kulia. Asiyejua, kushoto. Akasema mikono yote iwe juu, asione mkono hata mmoja umelala, mkaguzi apate kuona darasa zima linaelewa. Tukafanya mazoezi wiki nzima. Wenzangu waliufurahia mchezo. Mie nilikuwa silali vizuri.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini, lakini hii huenda ikasomwa na wa mbali. Mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo ni chooni. Mama yangu alitufundisha hilo kwa mwiko. Ukipokea chakula kwa kushoto, mwiko wa vidole. Ukimpa mtu mzima kitu kwa kushoto, umemtukana yeye na waliomzaa. Hata ukimwelekeza mgeni njia, unamwonyesha kwa kulia. Kama kulia kumeshika mzigo, unautua kwanza, ndipo unaonyesha. Hayo hatukuyasoma, tulizaliwa tukayakuta, kama chumvi baharini.

Mkaguzi akaja. Nilitegemea kijana mwenye suti, nikamwona mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na ndevu nyeupe, sura ya maalimu wetu wa madrasa kabisa. Akakaa mbele, akatutazama. Mwalimu akaanza. "Malizia methali: Asiyefunzwa na mamaye."

Sikuijua. Mikono ikapaa darasa zima, na mimi nikatakiwa kumwinulia mzee yule mkono wa chooni usoni. Mkono ulikataa. Sikushauriana nao, ulikataa wenyewe, ukaenda juu wa kulia.

Mwalimu akanichagua.

Nikasimama. Mamaye alikuwa amenifunza, ndiyo maana mkono ule ulikuwa juu, lakini sehemu iliyobaki ya methali sikuwa nayo. Nikabaki nimesimama mpaka mkaguzi akauliza, "Huyu alinyoosha mkono kujibu, au alikuwa anapunga upepo?" Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, kwa meno tu.

Mkaguzi alipokwisha kunywa soda yake na kuondoka, mwalimu akaniita mbele.

"Nilisema mkono upi?"

"Kushoto, mwalimu."

"Wewe ukanyoosha upi?"

"Kulia."

"Kwa nini?"

"Mgeni alikuwa mtu mzima, mwalimu."

Kofi lilitoka kabla sijafunga mdomo. Kwa miaka mingi nilimtetea moyoni, nikasema labda alidhani namjibu kwa jeuri, yeye si wa huku, hakuelewa. Utetezi huo nimeuondoa. Alikaa nasi, alikula kwenye harusi zetu, alituona tunavyompokea sahani. Alielewa vizuri. Alichokasirikia ni aibu yake mbele ya mkubwa wake.

Sikio lilitoa damu, baadaye usaha. Bibi yangu alilitia mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Zahanati walinipa vidonge. Usaha ulikwisha, kusikia hakukurudi.

Mwalimu mkuu akamwita baba. Nilifurahi, nikadhani sasa mwalimu atasemwa. Kumbe baba aliitwa aambiwe mtoto wake ameiaibisha shule. Akarudi nyumbani amenuna, akaingia bandani, akatoka na jogoo wetu mwekundu. Nikafuatana naye mpaka nyumbani kwa mwalimu. Baba alimkabidhi jogoo kwa mikono miwili, akainama, akasema maneno ambayo watu wa pwani huwaambia walimu wa watoto wao: "Nyama yako, mwalimu, mifupa yangu." Yaani mchape utakavyo, mradi mifupa ibaki mizima. Mwalimu akapokea. Mie nilisimama pembeni nimeziba sikio kwa pamba.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hiyo. Mwalimu aliyepiga. Mwalimu mkuu aliyemwita mzazi badala ya kumwita mpigaji. Mkaguzi aliyeona msitu wa mikono ya kushoto, yeye Mwislamu mwenye kofia, na asijiulize kuna nini. Na baba yangu, Mungu amrehemu, aliyempa jogoo mtu aliyemharibia mtoto. Huyu wa mwisho ndiye aliyeniuma zaidi, maana wale wengine hawakuwa wangu.

Niliishia la tano. Maswali yakitoka upande wa kushoto nilikuwa siyasikii, na asiyesikia na mkaidi, kwa mwalimu yule, walikuwa kitu kimoja. Tangu hapo maswali ya haraka yamenifuata kila mahali. Niliwahi kufanya biashara ya vitenge, navuka mto wa mpakani pale Kilambo. Askari mmoja akaniuliza kitu akiwa amesimama upande wangu mbovu. Nikapita. Akaniona nina dharau, akanikalisha juani mpaka mtumbwi ukaondoka na wenzangu wote. Nilipomwambia siku hiyo kwamba sikio halifanyi kazi, alisema, "Mbona la hela linasikia?" Watu wakacheka. Nimezoea kuchekwa nikiwa nimekaa chini.

Lakini mjukuu wangu ana masikio mawili, na yuko darasa la nne. Mwisho wa mwaka wanafanya mtihani wa taifa. Akishindwa anarudia darasa, na kwetu huku wanaorudia wengi hatuwaoni wakifika la tano. Tunawaona kwenye mikorosho na mashamba ya mihogo. Mtoto aliyewekwa kushoto kwa maswali yote haulizwi kitu, na asiyeulizwa haambiwi. Mtihani atafanyaje?

Nikampigia simu mwanangu, baba yake, anaendesha bodaboda Mtwara mjini. Nikamweleza. Honi zikapiga nyuma yake.

"Mama, usiende kugombana kule. Anayebaki darasani ni mtoto, si wewe."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Mpelekee mwalimu korosho kidogo. Zile nyeupe, nzima nzima. Mwambie amhamishie kulia. Siku hizi mambo yanakwenda hivyo."

"Babu yako alipeleka jogoo."

"Jogoo gani tena, Mama?"

Hajui, sikuwahi kumwambia. Anajua mama yake ni kiziwi wa upande mmoja, basi. Nikamwambia korosho zangu zina wateja wake, nikakata simu.

Jumatano nikaenda shuleni. Sasa mwalimu wa leo si mtu wa bara. Ni binti wa kwetu, mama yake alikuwa akichota maji na mimi kisima kimoja. Anajifunga mtandio vizuri, ana adabu. Alinipokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, Bibi. Karibu kiti."

"Marahaba. Nitasimama tu. Nimekuja kwa habari ya mikono."

Akacheka kidogo. "Ah, ile ni mbinu tu, Bibi. Wageni wakiona mikono michache wanaandika mwalimu hafundishi. Nao hawajui nina watoto wangapi humu, wengine wanakaa chini."

"Nami nikuulize maswali ya haraka. Unakula kwa mkono upi?"

"Bibi jamani."

"Nijibu."

"Wa kulia."

"Mwanao akimpokea mgeni mzigo kwa kushoto?"

"Nitamkanya."

"Na wa mwenzio unamfanyisha mazoezi."

Akainamisha macho. Nikaona nimempata, lakini mkono ulikuwa mlango tu, sikuwa nimekuja kwa ajili yake.

"Mjukuu wangu umemuuliza swali lini mara ya mwisho?"

"Bibi, maswali yale ni ya dakika chache mwanzo wa kipindi. Nikiwauliza wasiojua wanasimama tu, muda unakwisha, somo jipya silifikii. Wanaojua wanajibu, wengine wanasikiliza."

"Maji unampa mwenye kiu au aliyekwisha kunywa?"

Mwalimu mkuu akawa ameingia, bwana mmoja mnene, mpole wa sauti, anayesema na wazazi kana kwamba sote tunaumwa.

"Bibi, haya ni mambo ya kitaalamu. Wewe umesoma mpaka la ngapi?"

"La tano. Hapahapa. Na sikio langu moja mnalo bado."

Akadhani natania. Akaniahidi atalifikisha kwenye kamati ya shule, akanifungulia mlango mwenyewe.

Jioni nikamwambia mtoto, "Kesho usinyooshe wa kushoto. Wa kulia nao, kama hujui, usinyooshe. Weka mikono juu ya dawati. Ukiulizwa, sema hujui, unaomba uambiwe."

"Watanichapa, Bibi."

"Nitakuwa dirishani."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Utakuja na nini?"

"Na ungo wangu wa korosho."

Dirisha la darasa lile halina kioo, lina nondo tu. Alhamisi nikakaa chini yake nje, upande ambao sikio zima linatazama ndani, nikawa nabangua taratibu. Mwalimu mkuu aliniona, lakini wageni walikuwa wamekwisha kushuka kwenye gari, akashindwa kunifukuza mbele yao. Mgeni mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani.

Mwalimu akauliza swali la kwanza. Nikasikia viwiko vinapaa, ule upepo wa nguo zote kwa pamoja. Nikasimama nikachungulia. Kila mkono juu, na safu za nyuma ni kushoto tupu. Mjukuu wangu peke yake kaweka viganja juu ya meza.

Mgeni akamwona. Huwezi kukosa kumwona, alikuwa kama shimo katikati ya ukuta.

"Wewe mwanangu, mbona umetulia?"

Akasimama. "Sijui jibu, mwalimu. Naomba niambiwe."

Yule mama akatabasamu. "Mtoto mkweli huyu," akasema. "Mwalimu, mpigieni makofi." Wakampigia makofi ya pasha, moja, mbili, tatu. Kisha mgeni akaandika kitu, akasema, "Haya mwalimu, endelea."

Akaendelea. Jibu hakupewa.

Nilipigwa na butwaa ungo ukiwa mkononi. Zamani walinipiga kofi, sasa wamempigia makofi, na sote wawili tumekaa chini bila jibu. Mtoto ameomba maji, kasifiwa kwa kuwa na kiu.

"Mwambieni basi jibu," nikasema dirishani. Sikupaza sauti, nilisema kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Vichwa vyote vikageuka. Mwalimu mkuu akatoka upesi, akanishika kiwiko kwa upole wake ule, akanipeleka mpaka karibu na vyoo, akaniambia mambo ya ulinzi na utaratibu. Nikamsikiliza kwa sikio la kushoto.

Gari lilipoondoka, mwalimu akanifuata. Mtandio ulikuwa umemlegea, macho mekundu.

"Bibi, umeniharibia. Wameandika darasa halina nidhamu."

"Kama unataka kumpiga, mpige, mie nipo."

"Sijawahi kumpiga mjukuu wako. Hata siku moja."

"Hujampiga, kweli. Umemwacha tu. Basi kesho nitakuja tena na ungo wangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aulizwe, na akikosa aambiwe."

Ijumaa nilikwenda. Jumatatu nilikwenda. Kijijini walinicheka wakachoka. Wauza samaki walipokuwa wanapita na baiskeli waliniita, "Mwanafunzi, leo mmefundishwa nini?" Mwingine akasema bibi amerudi kumalizia la sita. Mwanangu alipiga simu kuniambia habari zimemfika kijiweni mjini, anaona aibu. Nikamwambia aione tu, aibu haijawahi kumpasua mtu sikio. Mwalimu mkuu alipita mara mbili akiwa na mtu wa kamati, wakasimama, wakanitazama, wakaenda. Nilikuwa nje ya ukuta, nabangua korosho zangu mwenyewe. Sheria ya hilo bado wanaitafuta.

Jumanne mwalimu akaingia darasani, akaanza maswali yake. Akauliza wa mbele wawili watatu, wakajibu chapuchapu. Kisha akanyamaza. Nikasikia viatu vyake vinakwenda nyuma, hatua moja moja, mpaka karibu na ukuta wangu. Akamtaja mjukuu wangu kwa jina lake.

"Simama. Kinyume cha tweka."

Nikaacha kubangua. Wenzake wakaanza kunong'ona, mmoja akasema "Mwalimu, mimi, mwalimu." Mwalimu akamwambia, "Tulia wewe, sijakuuliza." Akasubiri. Nilimsikia anavyosubiri, nasi sote wawili, yeye ndani na mimi nje, tulikuwa tunasubiri kitu kimoja.

"Beba," mtoto akasema.

Darasa likacheka. Nikashika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili.

"Sivyo," mwalimu akasema, wala sauti yake haikupanda. "Kutweka ni kuinua mzigo ukauweka kichwani. Kinyume chake ni tua. Sema."

"Tua."

"Kaa."

Nikasikia benchi linalia kidogo alipokaa. Nikachukua kigongo, nikaendelea na korosho zangu.